Maji ya Mashine na Mapafu ya Mafundi

Mtu apitaye Kirinyaga Road mjini Nairobi, njia ambayo wazee wengine bado huiita Grogan Road, husikia mlio wa vyuma tangu asubuhi hata jioni. Hapo magari mabovu hufufuliwa. Injini hufunguliwa, krankshafti husagwa, silinda hutanuliwa, na bodi zilizobonyea hunyoshwa na kupakwa rangi mpya. Kazi kama hizo hufanywa pia upande wa magharibi wa mji, katika karakana za Ngong Road, Dagoretti Corner, Kawangware na Kangemi, na kwa wingi zaidi katika viwanda vikubwa vya Industrial Area. Mafundi wengi wa mjini hulala huko magharibi, ambako kodi ya chumba ni nafuu, nao huenda kazini kila siku kwa matatu au kwa miguu.

Katika kazi hizi kuna kitu kimoja ambacho wapitao njiani hawakioni, na mafundi wenyewe wamekizoea hata hawakitilii maanani. Ni yale maji ya mashine.

Chuma kinapokatwa kwa chuma kingine hupata moto mwingi. Kisipopozwa, kisu cha mashine hupoteza makali na kazi huharibika. Kwa hiyo mashine ya kukereza au ya kusaga vyuma huwa na pampu ndogo imwagayo maji mfululizo mahali panapokatwa. Nayo si maji matupu. Ni mafuta maalum yaliyochanganywa na maji, mara nyingi sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 20 za maji au karibu na hapo, na mchanganyiko huo huwa mweupe kama maziwa. Yakiisha kupoza chuma, hutiririka chini, hupita katika wavu, huingia katika tangi lililo chini ya mashine, kisha pampu huyapandisha tena. Maji yale yale huzunguka hivyo kwa majuma mengi, pengine miezi, na yanapopungua mwenye karakana huongeza kidogo tu.

Chuma kizungukacho kwa kasi huyarusha maji hayo na kuyavunja kuwa matone madogo mno, hata yakawa kama ukungu wa asubuhi bondeni. Matone makubwa huanguka sakafuni na juu ya nguo. Madogo hubaki hewani, na fundi aliyeinama juu ya mashine huyavuta puani. Yale madogo kabisa hayazuiliwi na pua wala koo. Hushuka hata mwisho wa mapafu, mahali ambapo damu hupokea hewa.

HARUFU YA JUMATATU

Kila mama ajua kuwa uji ulioachwa sufuriani siku tatu huchacha. Maji ya mashine nayo huchacha. Yana mafuta, yana joto, yana vumbi la chuma, na vijidudu vya kila namna huyafanya kuwa shamba lao. Siku ya Jumapili pampu husimama. Mafuta mazito yanayolainisha sehemu nyingine za mashine huelea juu na kuyafunika maji, hewa isiingie, na hapo vijidudu visivyohitaji hewa huongezeka upesi. Ndiyo sababu fundi afunguapo mashine Jumatatu asubuhi hulakiwa na harufu ya yai viza. Harufu hiyo si jambo la kuchekea. Ni habari kwamba tangi limeoza.

Mambo huzidi kuharibika kwa desturi mbaya ambazo haziwezi kusemwa kuwa ni za mwajiri peke yake. Wako wanaotema mate katika tangi, wako watupao vipande vya sigara na makombo ya chakula, na wako wanaonawa mikono katika maji hayo hayo kabla ya kwenda kunywa chai. Mwenye karakana naye, akiona maji yamepungua, huongeza maji ya bomba bila kupima. Dawa ya kuzuia uozo iliyomo katika mafuta hupungua nguvu, na vijidudu hufurahi.

KISA CHA BIRMINGHAM

Madhara ya jambo hili yalionekana wazi nchini Uingereza katika miaka ya 2003 na 2004. Madaktari wa kifua katika mji wa Birmingham waligundua kuwa wagonjwa wao kadhaa, waliokuwa wakikohoa na kushindwa kupumua, walitoka katika kiwanda kimoja cha injini za magari huko Longbridge. Uchunguzi ulipofanywa, wafanyakazi zaidi ya 80, kati ya 800 na zaidi waliokuwa hapo, walionekana kuwa na ugonjwa wa mapafu ulioletwa na kazi. Wengi walikuwa na pumu. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine ambao hauna jina jepesi kwa Kiswahili, lakini waweza kuelezwa.

Mwili wa binadamu una askari wake. Wakiona kitu kigeni kinaingia, hukishambulia. Lakini kitu hicho kikija kila siku, mwaka baada ya mwaka, askari wa watu wengine hukasirika kupita kiasi, na vita huharibu nyumba yenyewe. Mapafu huvimba kwa ndani. Fundi akiondolewa mapema mahali pale, uvimbe hupoa na mapafu hurudia hali yake. Akiendelea, uvimbe huacha makovu, na kovu la pafu, kama kovu la moto katika ngozi, halirudi kuwa laini tena. Mtu huyo atahema akipanda ngazi, kisha atahema akifunga viatu.

Marekani nako viwanda kadhaa vilipatwa na ugonjwa huu katika miaka ya 1990. Katika matangi yao wataalamu walimpata mdudu mmoja ambaye mwaka 2001 walimpa jina la Mycobacterium immunogenum. La ajabu ni kwamba mdudu huyo ni wa ukoo mmoja na yule aletaye kifua kikuu. Lakini yeye haleti kifua kikuu, wala ugonjwa wake hauambukizwi na mtu kwa mtu. Hata akiwa amekufa, vipande vya mwili wake vikivutwa puani vyaweza kuamsha ile hasira ya mapafu. Basi kumwaga dawa kali ya kuua vijidudu ndani ya tangi lililooza hakutoshi, na dawa nyingi za namna hiyo huwasha kifua zenyewe.

Wakulima wasidhani kuwa habari hii ni ya watu wa mjini tu. Ugonjwa huu una ndugu yake shambani, naye alielezwa na daktari mmoja wa Uingereza tangu mwaka 1932. Huitwa mapafu ya mkulima. Huwapata watu wanaofungua majani makavu ya ng'ombe yaliyofungwa yakiwa bado na unyevu, yakashika joto na kuota kuvu. Vumbi lile jeupe lirukalo wakati wa kuyatikisa ndilo lenye madhara. Afugaye ng'ombe wa maziwa na kuwawekea majani ya kiangazi ahakikishe yamekauka barabara kabla ya kuyafunga.

HOMA YA JIONI

Ugonjwa huu ni mwongo. Fundi havuti ukungu saa nne asubuhi akaanguka saa nne na nusu. Dalili huja baada ya saa nne hata nane, yaani jioni, amekwisha kufika nyumbani Kawangware au Riruta. Hupatwa na baridi, mwili humuuma, kichwa humgonga, hukohoa kikohozi kikavu na kifua hubana. Asubuhi ameamka ana nafuu, naye huenda kazini. Nani basi atamwambia kuwa ni mashine? Yeye mwenyewe husema ni malaria, hasa akiwa ametoka safari ya Kisumu au Kakamega hivi karibuni. Hununua vidonge dukani, humeza, na kesho yake hujisikia vizuri, kama ambavyo angejisikia bila vidonge.

Miezi ikipita, homa za jioni hupungua lakini kikohozi hakiondoki, na mwili hukonda. Sasa majirani huanza kunong'ona juu ya kifua kikuu. Kenya ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limezitaja kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na Hospitali ya Mbagathi yenyewe ilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza kama hayo. Daktari anayemfikiria kifua kikuu kwanza hakosei hata kidogo. Mtu aliyekohoa majuma mawili hana budi kupimwa makohozi, awe fundi au karani.

Shida huanza makohozi yanapopimwa mara ya kwanza na ya pili bila mdudu kuonekana. Mgonjwa mwingine huanzishiwa dawa za miezi 6 kwa kukisia tu. Akipumzika nyumbani majuma kadhaa hupata nafuu, na dawa husifiwa. Akirudi kazini huugua tena, na husemwa kuwa ameacha kumeza dawa. Yuko mwingine ambaye huombewa ruhusa, akaenda kwao Murang'a au Vihiga. Huko mama humchemshia mizizi, na baada ya siku kumi kijana anapumua vizuri. Mizizi hupewa heshima yote. Wako hata wanaosema kuwa kijana amerogwa na wenzake wa mjini wanaomwonea kijicho, na kwamba uchawi haukuweza kuvuka mto. Hapana aliyefikiri kwamba siku zile kumi kijana hakuvuta ukungu wa mashine hata mara moja.

Hiyo ndiyo alama yenyewe. Kifua kinachopona likizoni na kuugua tena juma la kwanza la kazi kinataja mahali kilipoumia. Mzazi aliye shambani aweza kuiona alama hii kuliko daktari wa mjini, kwa sababu yeye ndiye amwonaye mwanawe akija anahema na akiondoka ni mzima.

Mwaka 1700 daktari mmoja Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwaagiza madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: wafanya kazi gani? Swali hilo halina gharama, lakini katika dispensari yenye foleni ndefu mara nyingi halipati nafasi. Basi mgonjwa mwenyewe na aliseme bila kuulizwa. Aseme anakereza vyuma, maji ya mashine yananuka, na wenzake wawili wanakohoa kama yeye. Habari ya wenzake ina uzito mkubwa. Kule Birmingham ugonjwa ulitambulika kwa sababu wagonjwa kadhaa walitaja kiwanda kimoja.

Daktari akishuku, kuna kipimo chepesi. Mgonjwa hupewa chombo kidogo cha kupuliza kwa nguvu, naye huandika namba inayoonekana, mara nne kwa siku au zaidi, siku za kazi na siku za mapumziko, kwa majuma manne hivi. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, karatasi hiyo ni ushahidi mkubwa wa pumu ya kazini. Uvimbe wa ndani huhitaji zaidi: picha za kifua, na daktari bingwa wa mapafu, kama walio katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Yafaa kujua kuwa picha ya kawaida ya eksirei yaweza kutoka safi hali mgonjwa anaumwa kweli.

RANGI YA MIKEBE MIWILI

Ukereza siyo hatari pekee ya karakana. Rangi za magari za siku hizi nyingi huchanganywa kutoka mikebe miwili, mmoja wa rangi na mmoja wa dawa ya kuigandisha. Katika ile dawa huwamo kemikali ziitwazo isosayaneti. Jamaa mmoja wa kemikali hizo, wa namna ya mvuke na mkali kupita wote, ndiye aliyevuja kiwandani Bhopal, nchini India, mwezi wa Desemba 1984, akaua watu kwa maelfu. Zile za rangi si kali kiasi hicho, lakini ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini ulimwenguni, na wapiga rangi ya magari wamo katika safu ya mbele.

Hila yake ni kwamba hewa yaweza kuwa na sumu ya kutosha kudhuru na pua isisikie kitu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakiizuii, wala barakoa ile ya karatasi. Katika nchi ambazo sheria hii hushikwa kwa nguvu, mpiga rangi hufanya kazi katika chumba maalum chenye feni za kutoa hewa, na huvaa kofia iletewayo hewa safi kwa mpira. Hapa Nairobi gari hupakwa rangi mara nyingi chini ya bati, na jirani anakaanga mandazi hatua kumi kutoka hapo. Tena mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa kemikali hii haponi kwa kupunguziwa kazi. Hata harufu ya gari lililopakwa rangi karakana ya pili yaweza kumletea pumu, na hapo hana njia ila kuiacha kazi ya rangi.

SHERIA YASEMAJE

Kenya haikukosa sheria. Sheria ya Viwanda ilitungwa mwaka 1950 kwa kufuata ile ya Uingereza ya 1937, na mwaka 1990 ilipanuliwa ihusu pia mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha mbili mpya: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na Sheria ya Fidia ya Kuumia Kazini. Ya kwanza yahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, kiwanda chenye watu elfu na kibanda chenye watu watatu. Yamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na vyombo vya kemikali viandikwe yaliyomo na hatari zake. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Daktari naye, akiamini kuwa mgonjwa wake amepata maradhi ya kazini, yampasa kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, aliye katika Wizara ya Kazi.

Ya pili yamlazimu mwajiri kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, nayo yahesabu maradhi ya kazini pamoja na ajali. Aliyepata ulemavu wa kudumu, fidia yake hupigwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96. Sheria hii ilikaa mahakamani miaka mingi. Chama cha Wanasheria kilipinga baadhi ya vifungu vyake, Mahakama Kuu ikavitangua mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikakata shauri tarehe 3 Desemba 2019, ikaithibitisha. Kwa hiyo madai hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi, wala si kwa hakimu.

Lakini mtu aliyekatwa kidole na mashine huonyesha kidole. Aliyekatwa pumzi huonyesha nini? Ikiwa katika kitabu chake cha hospitali mmeandikwa kikohozi na homa kwa miaka mitatu, bila neno lolote juu ya kazi yake, atapata taabu kubwa kuthibitisha dai lake. Karani wa ofisi ya kiwanda naye aweza kusaidia hapa. Yeye ndiye ashikaye daftari la wasiofika kazini, naye aweza kuona kwamba wakereza wa banda moja huugua mara nyingi kuliko wapakiaji wa ghalani.

Wafanyakazi wengine hunyamaza kwa hofu, na hofu hiyo haikutoka hewani. Mlango wa kiwanda huwa na vijana wanaosubiri nafasi, na mtu mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto hapendi kuitwa mgonjwa. Hata hivyo fundi aliyepewa kazi nyingine mapema, mbali na ukungu, huendelea kupata mshahara. Yule aliyenyamaza miaka mitano huenda asiweze hata kulima.

Kwa jua kali hali ni ngumu zaidi. Mwenye mashine moja Kawangware ni mwajiri, ni mfanyakazi na ni kamati yake mwenyewe, wala hana wa kumdai fidia. Bahati njema, mengi ya kujikinga si ya fedha nyingi. Mashine ifunikwe, na kifuniko kisifunguliwe mpaka chuma kimeacha kuzunguka na ukungu umetulia. Vipande vya chuma visipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwa maana hewa hiyo huwa kama bunduki ya ukungu, brashi yatosha. Mafuta yaeleayo juu ya tangi yaenguliwe, kama mtu aenguavyo mafuta juu ya mchuzi, hasa Jumatatu kabla ya kuwasha pampu. Mchanganyiko upimwe, na kipimo kiandikwe ukutani pamoja na tarehe.

Maji yakinuka yasiongezwe mapya juu yake, kwa kuwa yale ya zamani huyaozesha mapya kwa siku chache. Yatolewe yote, tangi na mipira ya pampu visuguliwe kwa dawa ya kusafishia na kusuuzwa, ndipo mchanganyiko mpya utiwe. Maji machafu yasimwagwe mferejini kwenda Mto Nairobi. Kazi hiyo hufanywa vema Jumamosi mchana, mashine zikiwa zimezimwa na milango ikiwa wazi, na wenye kuifanya wavae glavu na barakoa nzuri, kwa sababu utelezi ulioganda kando ya tangi na matope yaliyotuama chini yake ndimo vijidudu vingi vilimojificha.